Kioo na Karatasi: Kujenga Programu Moja kwa Mashine Nyingi

Mhadhara uliotolewa kwa wananchi, walimu na vijana, Mkange, Mkoa wa Pwani

  

Nianze na mama mmoja mkulima wa ufuta. Jina lake nalihifadhi, na chama cha msingi alikouzia sitakitaja, maana kosa halikuwa la chama wala la karani. Lilikuwa langu mimi. Nilikiandikia chama hicho programu ndogo ya kompyuta. Mizani imeunganishwa na kompyuta kwa waya, mkulima anaweka kiroba, kompyuta inasoma uzito, inatoa uzito wa mfuko mtupu, inaonyesha kwenye kioo kilo za ufuta, kisha inachapa risiti. Mama yule aliweka kiroba chake, mizani ikasoma kilo 61.40. Kioo kikaonyesha 61.25. Risiti ikatoka imeandikwa 60.40. Wengine waliomtangulia walikunja risiti wakatia mfukoni. Yeye aliisoma, akainua macho kwenye kioo, akaisoma tena, akaniambia: “Mwanangu, kioo kinasema hivi, na karatasi inasema hivi. Mimi niamini kipi?”

Gramu 850 zimepotea kati ya kioo na karatasi, na mizani ni nzima. Kwa mtu mwenye viroba 10 hizo ni kilo 8 na nusu za ufuta, jasho lake la msimu mzima. Tulisimamisha upimaji, tukawaita wote waliopimiwa siku ile, tukarudia risiti moja moja mpaka giza likaingia. Usiku ule sikulala. Nilikaa na msimbo wangu nikausoma mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonitia hofu: msimbo sahihi ulikuwa umetoa programu yenye kosa. Yote nitakayowaambia leo yametokana na usiku ule.

Wazee wangu, niruhusuni nieleze jinsi programu inavyopatikana, vijana wanivumilie. Mwandishi wa programu huandika maneno anayoweza kuyasoma yeye na mwenzake. Hayo tunayaita msimbo. Kompyuta haiyajui maneno hayo, inajua namba zake tu. Kwa hiyo kuna programu nyingine, kompaila, ambayo hulichukua faili moja la msimbo na kulitafsiri kuwa faili la kati, kisha la pili, kisha la tatu, na mwishoni mafaili hayo ya kati huunganishwa yakawa programu moja unayoweza kuibofya ikafunguka. Programu ya mizani ilikuwa na mafaili machache tu. Kubwa zina maelfu. Ukibadilisha faili moja kati ya 5,000, hutaki kutafsiri upya yote 5,000, unataka lile moja na yale yanayolitegemea. Sasa nani anakumbuka kipi kinategemea kipi?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1976 katika maabara za Bell huko Marekani. Kijana mmoja, Stuart Feldman, alifuatwa ofisini na mwenzake Steve Johnson, mwandishi mashuhuri wa programu, akiwa amekasirika. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo kosa lake alikuwa ameshalirekebisha. Msimbo ulikuwa umenyooka, ila faili la kati la zamani halikutafsiriwa upya, na ndilo lililoendelea kutumika. Feldman mwenyewe alikuwa amepatwa na jambo kama hilo. Mwisho wa juma ule akaandika programu aliyoiita Make. Unaiandikia Make faili la maagizo, jina lake Makefile, na ndani yake unasema: kitu hiki kinatengenezwa kutokana na vitu hivi, kwa amri hii. Make inatazama saa ya kila faili. Faili la msimbo likiwa jipya kuliko tafsiri yake, inalitafsiri upya. Kama sivyo, inaliacha. Mwaka 2003 Feldman alipewa tuzo ya chama cha wanasayansi wa kompyuta cha ACM kwa kazi ile, na hadi leo Make inaendeshwa kila siku duniani kote.

Make ina kasoro ambayo kila kijana hapa ataikuta siku ya kwanza. Mstari wa amri ndani ya Makefile lazima uanze na kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi nane za kawaida, kwa macho zinafanana kabisa na Tab, lakini Make inakataa. Feldman alieleza baadaye kwamba alipotambua ubaya wa jambo hilo tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na mbili hivi, akaona asiwavurugie kazi. Watu kumi na mbili! Nawaambieni hili kwa uzito, ninyi mnaoanza kuandika programu: mnayoyaamua mkiwa na watumiaji wachache yatawafuata wasiohesabika.

Sasa rudini nami kwenye ufuta. Nilikuwa nimeandika Makefile. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeandika tatu.

Kompyuta yangu inatumia Linux, na kompaila yake ni GCC, ile iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Kompyuta ya karani inatumia Windows, na huko nilitumia kompaila ya Microsoft. Ya tatu ilikuwa Windows vilevile, lakini ina MinGW, ambayo ni GCC iliyohamishiwa Windows. Kompaila hizi zinasoma lugha moja ya C, ila namna ya kuziamrisha ni tofauti. GCC ukiitaka itafsiri bila kuunganisha unaandika -c, na faili la kati linaishia na .o. Ya Microsoft unaandika /c, na faili linaishia na .obj. Maktaba za pamoja kwenye Linux zinaishia na .so, kwenye Windows .dll, kwenye Mac .dylib. Kufuta faili huku ni rm, kule ni del. Hata Make yenyewe si moja: Microsoft wana yao, nmake, na ukiandika sharti kwa lugha ya Make ya GNU, ndiyo ya Linux, nmake haikuelewi. Makefile yangu ya Linux niliipeleka kwa karani siku ya kwanza kwenye flashi, ikakataa mstari wa kwanza kwa kuwa hapakuwa na amri iitwayo cc kwenye mashine ile.

Kwa hiyo nikaandika tatu kwa mkono na kuzitunza zote tatu. Uzito wa mfuko mtupu niliuweka kwenye faili dogo, vipimo.h. Mwanzoni tulikuwa na magunia mazito, nikaandika gramu 1,000. Chama kilipohamia viroba vya plastiki, nikabadilisha ikawa gramu 150. Namba hiyo inasomwa na mafaili mawili: kuu.c linaloonyesha kwenye kioo, na risiti.c linalochapa karatasi. Makefile ya Linux ilisema yote mawili yanategemea vipimo.h. Ya Windows ya karani ilisema kuu.c peke yake. Nilisahau. Kwenye mashine ya karani, Make ikatafsiri upya sehemu ya kioo, ikaliacha faili la kati la risiti na gramu zake 1,000 za zamani. Programu moja ikawa na uzito wa mifuko miwili tumboni. Yaliyomkuta Johnson mwaka 1976 yalinikuta mimi, na dawa yake nilikuwa nayo mkononi. Niliandika dawa hiyo mara tatu, mara moja nikakosea.

Hapa kwetu tunao mfano mzuri wa kazi ya mashine zisizolingana. Mjerumani alianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na nyingine kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Zilikuwa reli mbili zisizokutana, lakini zote zilijengwa kwa upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Mwaka 1963 kilipofunguliwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kinachouvuka huu mto wetu wa Wami, behewa la mkonge liliweza kutoka upande wa Tanga hadi bandari ya Dar es Salaam bila gunia hata moja kushushwa. Kisha ikaja TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ikakamilika mwaka 1975, na upana wake ni milimita 1,067. Zimezidi milimita 67, vidole vinne tu. Kwa sababu ya vidole vinne hivyo, kule Kidatu kilijengwa kituo mwaka 1998 cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la upana mmoja kwenda behewa la upana mwingine. Mzigo ni uleule, shaba ni ileile, behewa tu ndilo halipiti.

Msimbo ndio mzigo. Faili la kati ni behewa. Ukilitoa Linux ukalipeleka Windows halipiti, hata kama kompyuta zote mbili zina chipu ya Intel ya aina moja. Basi swali la watengenezaji wa programu likawa: tufanyeje ili mtu aandike mara moja tu programu yake ina mafaili gani, halafu maagizo ya kila kompaila yaandikwe na mashine badala ya mtu?

Jibu la kwanza lililoenea lilikuja na mfumo wa madirisha wa X, ule unaochora picha kwenye kompyuta za Unix, jamii ya mifumo inayofanana na Linux. Todd Brunhoff aliandika programu inayoitwa imake. Mwandishi anaandika faili fupi, Imakefile, na imake inaligeuza kuwa Makefile kwa kutumia jedwali la mifumo: kama ni mashine ya Sun fanya hivi, kama ni ya HP fanya vile. Wazo lilikuwa zuri na lilifanya kazi kwa miaka. Lakini lilikuwa linaijua mashine kwa jina. Mtengenezaji akibadilisha kitu katika toleo jipya, jedwali linabaki na habari za zamani, na kila mwenye mashine isiyomo kwenye jedwali anasubiri mtu amwandikie ukurasa wake. Mradi wa X wenyewe uliiacha imake katika toleo la X11R7.0, Desemba 2005.

Jibu la pili ndilo ninalolipenda zaidi kwa fikra yake. Mwaka 1991 David MacKenzie alianza Autoconf. Yeye hakuiuliza mashine jina lake. Aliandika utaratibu unaotunga programu ndogo sana, pengine mistari mitatu, unaipa kompaila iitafsiri, na unatazama matokeo. Je, kompaila ipo? Je, inajua kipengele hiki? Je, maktaba hii inapatikana? Inatafsirika, basi ipo. Haitafsiriki, haipo. Tofauti hii ni kubwa, naomba vijana mkae nayo. Ni sawa na kuajiri fundi seremala. Unaweza kumwuliza ametoka karakana gani, ukakadiria uwezo wake kwa jina la karakana. Au unaweza kumpa ubao na randa ukatazama anavyoshika. Autoconf humpa ubao kila anayekuja, hata kama kompyuta hiyo imetengenezwa miaka 20 baada ya programu kuandikwa. Ndiyo maana programu nyingi za miaka ya 1990 bado zinajengeka leo kwenye mashine ambazo mwandishi wake hakuziota. Na tena, faili lenye majaribio hayo, liitwalo configure, hutoka likiwa tayari ndani ya kifurushi cha msimbo, kwa hiyo anayejenga hahitaji kuwa na Autoconf.

Udhaifu wake ni kwamba inadhani kila mtu ana ganda la amri la Unix. Mtu wa Windows lazima kwanza aifanye Windows yake ifanane na Unix, na hapo wengi hukata tamaa.

Jibu la tatu, ndilo nililolitumia kwa mizani, lilitoka hospitalini, au karibu na hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilikuwa na mradi wa picha za mwili mzima wa binadamu, na ilitaka programu ya kuzichambua itakayofanya kazi kwenye Unix na Windows vilevile, bila upande mmoja kuwa mgeni. Programu hiyo ni ITK. Kampuni ya Kitware, Bill Hoffman akiwa mbele, ikaunda chombo cha kuijenga, wakakiita CMake. CMake haijengi programu. Inasoma maelezo yako, inaijaribu kompaila iliyoikuta, kisha inaandika maagizo kwa lugha ya huko iliko: Makefile za Unix, Makefile za nmake, Makefile za MinGW, miradi ya Visual Studio, ya Xcode, au ya Ninja. Mwaka 2006 watu wa KDE walipokuwa wakiandaa toleo la nne la eneokazi lao waliihamia, na baada ya hapo wengi wakafuata. QGIS, programu ya ramani ambayo vijana wa Ramani Huria wameitumia Dar es Salaam kuchora mitaa inayofurika, inajengwa kwa CMake.

Haya ndiyo maelezo ya mizani, yote, kama yalivyo kwenye kompyuta yangu:

cmake_minimum_required(VERSION 3.20)
project(mizani C)
add_executable(mizani kuu.c hesabu.c risiti.c)
if(WIN32)
  target_sources(mizani PRIVATE waya_windows.c)
else()
  target_sources(mizani PRIVATE waya_unix.c)
endif()

Mistari minane. Imechukua nafasi ya Makefile tatu zilizokuwa na mistari zaidi ya mia. Sharti lile la katikati lipo kwa sababu waya wa mizani unasomwa kwa njia tofauti: Linux inauona kama faili linaloitwa /dev/ttyUSB0, Windows inauona kama COM3. Tofauti za kweli kama hiyo hazifutiki, na chombo kizuri hukupa mahali pa kuziandika waziwazi. Lakini tazameni tena: vipimo.h haikutajwa popote. Sikuisahau. CMake huipangia kompaila iandike yenyewe, wakati inatafsiri, ni mafaili gani imeyafungua. GCC hufanya hivyo kwa njia yake na kompaila ya Microsoft kwa njia yake, na orodha hiyo hurudishwa kwa Make. Nikibadilisha uzito wa kiroba kesho, kioo na karatasi vitabadilika pamoja kwenye kila mashine, kwa kuwa hakuna tena mtu wa kusahau.

Sitaki mdhani nimewaletea kitu kisicho na taabu. Lugha ya CMake imekua kwa viraka na ina pembe nyingi. Meson, iliyoandikwa na Jussi Pakkanen wa Finland na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2013, inasomeka vizuri kuliko hiyo. Na kuna kosa ambalo nimeliona kwa vijana wengi niliokaa nao. Mtu anajenga kwake, ananakili folda nzima kwenye flashi pamoja na Makefile zilizozalishwa, anampelekea mwenzake. Kwa mwenzake inakataa. Makefile iliyozalishwa na CMake imeandikwa ndani yake njia kamili ya folda ya mashine ile ile ilikozaliwa. Haisafiri. Kinachosafiri ni msimbo na ile mistari minane, mengine huzaliwa upya yanakofika. Jengeni daima kwenye folda ya pembeni, ili siku ya kunakili mjue kipi ni mzigo na kipi ni behewa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza na kunipa moyo kwa pamoja, nalo ni Kiswahili chetu ndani ya kompyuta.

Desemba 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliofanywa pamoja na washirika kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice 1.1.3. Ilikuwa programu kamili ya ofisini, ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, na menyu zake zilikuwa Kiswahili. Watu wengi walipoisikia waliifikiria kazi ya maneno: tuseme faili au jalada, tuseme hariri au rekebisha. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya heshima. Lakini nyuma yake palikuwa na kazi nyingine isiyozungumzwa. OpenOffice.org ilikuwa moja ya misimbo mikubwa kabisa iliyokuwa wazi kwa umma wakati huo, na ili mwenye Linux na mwenye Windows wote wafaidi, msimbo uleule ulipaswa kujengwa kwa kompaila tofauti kabisa.

Nimewahi kuipekua ile mitambo ya ujenzi. Ilitumia Make ya aina yake, dmake, iliyoandikwa na Dennis Vadura. Kwanza unaendesha configure, inachunguza mashine, inaandika faili la mazingira. Kisha dmake inachukua kipande cha maagizo kilichoandikwa mahususi kwa kompaila hiyo. Matokeo hutiwa kwenye folda yenye jina la ajabu: unxlngi4.pro, au wntmsci8.pro. Ukiyafumbua majina hayo unayakuta yote: unx ni Unix, ln ni Linux, g ni kompaila ya GNU, i ni Intel. Na kule wnt ni Windows NT, msc ni kompaila ya C ya Microsoft, i ni Intel, na namba ni ya toleo la kompaila. Lugha nazo, katika matoleo hayo, zilitambulishwa kwa namba zilizofuata namba za simu za nchi: Kijerumani 49, Kifaransa 33. Aliyetaka kuingiza lugha mpya bila kuijua mitambo hiyo hakuweza kufika mbali, hata awe bingwa wa sarufi.

Msimbo ule uliendelea kubadilika. Mwaka 2010 wengi wa watengenezaji wake walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na kufikia mwaka 2013 walikuwa wameiacha dmake na kuhamisha ujenzi wote kwenye Make ya GNU. Leo ukifungua orodha ya lugha ndani ya msimbo wa LibreOffice, Kiswahili kimo, kimeandikwa sw-TZ. Programu iliyojengwa mwaka 2004 ni behewa la reli iliyong'olewa. Maneno yaliyotafsiriwa ni maandishi, na maandishi yanapita kila upana wa reli.

Lakini hayapiti yenyewe. Kijana mmoja aliniletea programu huria aliyoitafsiri kwa Kiswahili kwa miezi miwili, jioni baada ya kazi. Aliijenga, akaifungua, ikafunguka kwa Kiingereza. Alidhani tafsiri yake ina kosa. Tafsiri katika programu nyingi huria hukaa kwenye faili linaloishia na .po, na wakati wa kujenga chombo kiitwacho msgfmt hulibadilisha kuwa .mo, ambalo programu hulisoma. Katika miradi mingi kuna faili moja dogo, LINGUAS, lenye orodha ya lugha za kujengwa, na ndani yake palikosekana herufi mbili: sw. Tuliziongeza, tukajenga upya, na dirisha likafunguka likisema Kiswahili. Nilimwona akigusa kioo kwa kidole. Miezi miwili ya maneno ilikuwa imezuiwa na herufi mbili kwenye faili la maagizo ya ujenzi, na hakuna mwalimu wa lugha wala wa kompyuta aliyekuwa amemwambia kwamba faili hilo lipo.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa moyo wote: tusiishie kutafsiri, na tusiishie kupakua. Anayepakua programu iliyojengwa na mwingine anatumia kile alichoamuliwa. Anayejua kuijenga kutoka kwenye msimbo anaweza kuongeza sw, anaweza kurekebisha uzito wa kiroba, anaweza kuifanya iendeshwe kwenye kompyuta kuukuu ya shule ambayo mtengenezaji ameshaisahau. Kiwix, programu inayowezesha shule isiyo na intaneti kusoma Wikipedia, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, ni huria, na maktaba yake ya msingi inajengwa kwa Meson. Inaendeshwa kwenye Windows, Linux, Android na vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi kwa sababu kuna watu waliokaa wakaandika maelezo ya ujenzi yanayokubali mashine zote hizo. Watu hao wanaweza kuwa ninyi.

Mtaniuliza kuhusu bando, na ni swali la haki. Vifaa vya kujengea vya Microsoft ni gigabaiti kadhaa, na hapa bando linanunuliwa kwa kuhesabu. Njia ninayoitumia mimi ni hii: kompyuta moja yenye Linux, ndani yake GCC ya kawaida, MinGW-w64 ya kutengenezea programu za Windows, na GCC ya chipu za ARM kwa ajili ya Raspberry Pi. Kwa kila moja kuna faili fupi la kuiambia CMake ni kompaila ipi na inalenga mfumo upi. Mistari minane haibadiliki. Unajenga mara tatu kwenye folda tatu, na kompyuta ya karani haihitaji kupakua chochote, inapokea programu iliyo tayari. Vifaa hivyo vyote nimekuja navyo kwenye diski hii ya nje. Mwalimu wa kompyuta ataruhusu vinakiliwe hapa shuleni ili mtu asitumie bando lake.

Nimesema vya kutosha. Kwenye meza ile kuna kompyuta tatu: moja ya Windows, moja ya Linux, na kile kikopo kidogo ni Raspberry Pi. Mizani ipo chini ya mwembe, na nimeazima kiroba cha ufuta kwa mzee aliyekaa mbele hapa. Naomba vijana watatu waje, na angalau wawili wawe wasichana. Mmoja atafungua vipimo.h, atabadilisha uzito wa mfuko autie ule tutakaoupima sasa hivi kwa mfuko mtupu. Wa pili atajenga zote tatu. Wa tatu atachomeka waya wa mizani kwenye kila kompyuta kwa zamu na kuchapa risiti. Halafu, mzee wangu, nitakuomba wewe mwenye ufuta uzishike risiti zote tatu mkononi, usome namba ya kila kioo kwa sauti, na utuambie kama karatasi zinasema hivyohivyo.